Kimbunga cha Ngazi ya Sita

Vifaa vya kazi hii ni vichache: penseli iliyochongwa vizuri, ufutio, karatasi ya mhusika iliyotolewa fotokopi, karatasi nyingine tupu ya hesabu, na kitabu cha sheria ambacho mgongo wake umeshabandikwa seloteipu. Dadu zimo kifukoni na zitabaki humo, kwa sababu dada anayeifanya kazi yenyewe hataki bahati iingie mapema. Anamjenga mpiganaji wa Dungeons & Dragons kwa sheria za toleo la tatu kama zilivyorekebishwa mwaka 2003. Atakayemcheza mpiganaji huyo ni kijana aliyeketi ng'ambo ya meza, ambaye ameshakisoma kitabu na kuchagua anachokitaka: Shambulio la Kimbunga. Mwenye mbinu hiyo anaweza, kwa zamu moja, kumpiga kila adui anayefikiwa na upanga wake.

"Mimi nataka hiyo, dada."

"Utaipata, mdogo wangu. Ngazi ya sita. Haya, tuanze."

Kwa asiyeujua mchezo huu: ulizaliwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na unachezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Mmoja anaongoza hadithi. Wengine kila mtu ana mhusika wake. Mhusika huelezwa kwa sifa sita, yaani Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba, na binadamu wa kawaida huwa na kati ya 3 na 18 katika kila moja. Anavyozidi kupambana na kusafiri ndivyo anavyopanda ngazi. Toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000 mikononi mwa Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, liliongeza kitu ambacho wachezaji wamekipenda na kukilalamikia tangu siku hiyo: mbinu za kuchagua mwenyewe, moja leo, nyingine baada ya ngazi kadhaa. Chini ya jina la mbinu nyingi upo mstari mfupi wa masharti. Humo yameandikwa mambo ambayo lazima mhusika awe nayo kwanza. Wasomaji wengi huupita mstari huo haraka wakikimbilia kuona mbinu yenyewe inafanya nini. Dada huyu huanzia hapo hapo kwenye mstari.

Anaweka kidole chini ya masharti ya Kimbunga na kuyanakili kwenye karatasi tupu, kwenye pembe ya chini kulia: Wepesi 13, Akili 13, Umahiri wa Mapigano, Kukwepa, Kupenya, Piga Upite, na msingi wa kushambulia, yaani nyongeza ya mhusika kwenye kila jaribio la kupiga, wa +4. Kisha anarudi nyuma. Anafungua ukurasa wa Piga Upite na kunakili masharti yake upande wa kushoto wa yale ya kwanza: Wepesi 13, Kukwepa, Kupenya, msingi wa +4. Anafungua Kupenya: Wepesi 13 na Kukwepa. Anafungua Kukwepa: Wepesi 13, basi. Juu yake anaandika Umahiri wa Mapigano, ambao unadai Akili 13 peke yake. Anachora mishale kutoka kushoto kwenda kulia, na sasa karatasi inaonyesha matawi mawili, moja refu la mwili na moja fupi la akili, yanayokutana kwenye pembe ile aliyoanzia. Hakuna alichokikariri. Mbinu hizi anazijua kwa miaka, lakini kila moja ameifungua na kuisoma upya, neno kwa neno, kwa sababu sharti moja likisahaulika leo litagunduliwa ngazi nne baadaye, wakati ambapo hakuna tena la kufanya.

Kabla ya kwenda kwenye namba anamweleza kijana kila hatua inampa nini. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana hapa kazi ya wabunifu wa mwaka 2000 inaonekana. Kukwepa kunampa pointi moja ya kinga dhidi ya adui mmoja aliyemteua. Ni kitu kidogo sana: mpiganaji amejifunza kumkazia macho mtu mmoja. Kupenya kunampa pointi nne za kinga pale anapopita karibu na maadui nao wakapata upenyo wa kumpiga. Sasa anaweza kukatiza katikati ya watu wenye silaha. Piga Upite inamruhusu kusogea, kupiga, na kusogea tena kwa zamu ile ile bila yule aliyempiga kupata nafasi ya kumrudishia, mradi asiwe amevaa deraya nzito. Kwanza macho, kisha miguu, kisha miguu na mkono kwa pamoja. Anayesoma mbinu hizi kwa mfuatano anaona mwili ukifundishwa.

Tawi la pili ni la kichwa. Umahiri wa Mapigano unamwezesha mpiganaji kupunguza ukali wa mapigo yake na kuongeza kinga yake kwa kiasi kile kile, hadi pointi tano, ila kiasi hicho kisizidi msingi wake wa kushambulia. Katika ngazi ya kwanza, basi, anaweza kubadilishana pointi moja tu. Mbinu inakua pamoja naye bila kuandikwa upya. Na sharti lake la Akili 13 linasema jambo ambalo watu wa mezani hulibishia: kwamba kuzungukwa na maadui wanane na kumpiga kila mmoja kunahitaji mtu anayefikiri, na kwamba misuli peke yake haitoshi. Mimi nalikubali. Mpiganaji wa Kimbunga anatofautiana na yule wa Pigo la Nguvu na Kupasua, ambaye sharti lake ni Nguvu 13 na ambaye akimwangusha adui mmoja upanga wake unaendelea hadi kwa wa pili. Wote wawili wanapiga wengi. Mmoja hufanya hivyo kwa uzito wa pigo, mwingine kwa hesabu, na tofauti hiyo haikuelezwa kwa aya ndefu za sifa na historia; imeelezwa kwa mstari wa masharti tu.

Sasa namba. Kijana anauliza kwa nini ni 13 kila mahali, na dada anachora jedwali dogo pembeni. Sifa ya 10 au 11 haikupi nyongeza yoyote. Ya 12 au 13 inakupa +1. Ya 14 au 15 inakupa +2. Nyongeza hupanda kwenye namba shufwa tu, kwa hiyo mwenye Wepesi 13 hana faida yoyote ya kila siku kumzidi mwenye 12. Wakirusha dadu, wanaongeza kitu kimoja. Namba witiri zingekuwa nafasi zilizopotea. Masharti ndiyo yanayozipa kazi. Ukipitia kitabu utakuta sifa zinazodaiwa na mbinu ni 13, 15, 17, 19. Kupigana kwa silaha mbili kunadai Wepesi 15, hatua inayofuata inadai 17 pamoja na msingi wa +6, na ya juu yake 19 pamoja na msingi wa +11. Mhusika anaongezewa pointi moja ya sifa katika ngazi ya 4, ya 8 na ya 12. Weka vitu hivyo viwili bega kwa bega: mpiganaji anayeanza na Wepesi 16 anafika 17 katika ngazi ya 4, na 19 katika ngazi ya 12, ngazi moja tu baada ya msingi wake kufika +11. Aliyezipanga namba hizo alikaa na jedwali mbele yake kwa muda mrefu.

Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, masharti yaliwekwa mlangoni. Aliyetaka kuwa paladini, yule shujaa mtakatifu, alihitaji Nguvu 12, Akili 9, Busara 13, Ustahimilivu 9 na Haiba 17. Ukirusha dadu tatu za kawaida, nafasi ya kupata 17 au 18 ni 4 katika 216. Sharti la namna hiyo linamchuja mtu mara moja tu, siku ya kwanza, na likishamruhusu kuingia halina tena la kumwambia. Lakini kitabu hicho hicho kilikuwa na mghani, kilichomweka nyuma kabisa kwenye nyongeza, na masharti yake yalikuwa ya aina nyingine. Mbali na sifa kubwa, alipaswa kuanza kama mpiganaji, aache upiganaji kabla ya kufika ngazi ya nane, awe mwizi, kisha aache wizi pia aende kusoma kwa madruidi, na hapo ndipo awe mghani. Ni njia ndefu na yenye mikwaruzo, na wachache waliimaliza. Hata hivyo naona wazo la miaka 22 baadaye tayari limo humo: kwamba uwezo uwe na historia, na historia hiyo iwe imechezwa mezani kweli.

Dada anarudi kwenye karatasi. Mezani kwao hawarushi dadu kupata sifa. Wanatumia namba sita zilizopangwa katika kitabu cha mwongozaji: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Masharti mawili yanadai 13, na namba 13 iko moja tu. Anaiandika kwenye Akili, kwa sababu Akili haina kazi nyingine kubwa kwa mpiganaji huyu na dada hatoi zaidi ya kinachodaiwa. 14 inaenda kwenye Wepesi. Inatimiza sharti na juu yake inaleta +2 ya kinga. 15 inaenda kwenye Nguvu, ikisubiri ngazi ya 4 iwe 16. Ustahimilivu unabaki na 12, na hapa penseli inasimama. Mpiganaji mwenye Ustahimilivu 12 anapoteza pointi ya uhai katika kila ngazi ukimlinganisha na mwenye 14, na kwa mtu anayepanga kusimama katikati ya maadui, pointi hizo ni nyingi. Dada hamfichi kijana. Anamwonyesha hesabu: kufika ngazi ya sita, ni pointi sita. Hiyo ndiyo bei ya Akili 13. Kijana anafikiri, anaitikia kwa kichwa. Busara 10, Haiba 8.

Ndipo inakuja sehemu ya kupanga ngazi, na hapa dada anafanya kazi polepole kuliko popote. Anachora mistari sita ya kulala na kuipa namba. Kila mhusika hupata mbinu moja katika ngazi ya 1, ya 3, ya 6, na kuendelea hivyo kila baada ya ngazi tatu. Binadamu huongezewa moja mwanzoni. Mpiganaji hupewa yake ya ziada katika ngazi ya 1, ya 2, ya 4, ya 6. Mpiganaji binadamu basi anaanza na nafasi tatu, na dada anazijaza bila kusita: Kukwepa, Kupenya, Umahiri wa Mapigano. Zote zinaruhusiwa siku ya kwanza. Ngazi ya 2 kuna nafasi moja, na Piga Upite haiwezekani, kwa maana msingi wa kushambulia wa mpiganaji hupanda pointi moja kwa kila ngazi na sasa uko kwenye +2. Anaweka Kuzoea Silaha, kwa upanga mrefu. Ngazi ya 3 anaweka Nia ya Chuma, mbinu isiyo na sharti lolote, kuziba udhaifu wa wapiganaji wote mbele ya uchawi wa akili.

Ngazi ya 4 milango miwili inafunguka siku moja. Msingi umefika +4, kwa hiyo Piga Upite imewezekana. Lakini pia mpiganaji aliyefika ngazi ya nne na aliyezoea silaha anaruhusiwa kuchukua Ubingwa wa Silaha hiyo, +2 kwenye madhara ya kila pigo. Nafasi ni moja. Dada anaandika jina la kwanza kwa wepesi, anaandika la pili chini yake, halafu anashuka hadi mstari wa sita, ambako nafasi ni mbili, na kuanza kujaribu. Njia ya kwanza: Piga Upite katika ngazi ya 4, kisha Kimbunga na Ubingwa katika ya 6. Njia ya pili: Ubingwa katika ya 4, kisha Piga Upite na Kimbunga pamoja katika ya 6. Je, inaruhusiwa kuchukua mbinu na sharti lake katika ngazi moja? Anafungua mwanzo wa sura ya mbinu na kuusoma mstari kwa sauti: inaruhusiwa. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Mpiganaji wa ngazi ya sita atakuwa yule yule, mbinu kwa mbinu.

Anachochagua kijana, basi, ni namna atakavyoishi ngazi ya 4 na ya 5: apige kwa uzito zaidi, au apite kati ya watu na kutoka. Dada hamshauri. Anageuza karatasi imwelekee, anamsogezea penseli. Nilitazama jinsi kijana alivyoisoma mistari ile miwili, akaenda mpaka mwisho na kurudi, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa hafikirii Kimbunga. Alikuwa anafikiria siku za katikati. Aliandika Piga Upite.

Kazi haijaisha. Dada anachukua penseli tena na kuweka alama ndogo pembeni mwa sifa mbili. Sheria ya toleo hili inasema kwamba aliyepoteza sharti hawezi kuitumia mbinu mpaka sharti lirudi. Wepesi wa mpiganaji ni 14, kwa hiyo una pointi moja ya akiba. Nyigu mkubwa akimchoma, sumu yake inaweza kunyonya Wepesi hadi pointi sita kwa mara moja. Akipoteza mbili tu, Kukwepa kunazimika, na Kukwepa kukizimika Kupenya kunazimika, Piga Upite inazimika, Kimbunga kinazimika. Akili yake ni 13 kamili, haina akiba kabisa. Mchawi mmoja wa ngazi ndogo anayejua kupumbaza kwa mguso anaweza kulivunja tawi lote la pili kwa kumgusa. Pembeni mwa Wepesi dada anaandika 1, pembeni mwa Akili anaandika 0. Ni namba mbili ambazo hazina mahali pake kwenye karatasi iliyochapishwa. Fundi mwingine angeziacha, na siku ya siku mezani pangezuka ubishi wa nusu saa.

Si masharti yote yaliyotungwa kwa uangalifu huu, na dada mwenyewe hasiti kulisema hilo. Mlinzi wa kidwafu, mojawapo ya fani za hadhi, zile za kuingia kwa masharti, katika kitabu cha mwongozaji, anadai Kukwepa, Uvumilivu na Ugumu. Ugumu, wakati huo, ulikuwa unaongeza pointi tatu za uhai na basi. Kwa mhusika wa ngazi ya saba hizo ni pointi asizoziona. Sharti kama hilo ni ushuru wa geti sokoni: unalipa, unapita, hujanunua kitu. Hata kwenye Kimbunga upo ufa. Piga Upite inafundisha kutotulia, ilhali Kimbunga kinadai zamu nzima ya kusimama na kupiga; mbinu mbili hizi haziwezi kutumika kwa zamu moja, na wachezaji wengi wamelalamika kwamba ya kwanza haina sababu ya kuwa lango la ya pili. Nimelifikiria lalamiko hilo. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine inajibiwa na swali la mahali: Kimbunga hakina maana mpaka uwe katikati ya maadui, na mtu hafiki katikati kwa kusimama.

Uzuri wa masharti unaonekana pia nje ya mapigano. Katika GURPS ya Steve Jackson, iliyoanza mwaka 1986, mchawi anayetaka kurusha tufe la moto lazima awe anajua kuumba moto na kuufinyanga moto, na kabla ya yote hayo lazima awe amejifunza kuuwasha. Mtoto yeyote aliyewahi kuachiwa jiko anaelewa mfuatano huo bila kusoma kitabu. Na mwuaji wa siri katika toleo la tatu anadaiwa ujuzi wa kujificha, wa kunyata na wa kujigeuza sura, wote kwa namba, halafu mwishoni kuna sharti lisilo na namba: awe amemuua mtu bila sababu nyingine yoyote ila kukubaliwa na wauaji wenzake. Hilo huwezi kulipanga kwa penseli. Lazima litokee mezani, mbele ya wenzako, na kila mmoja ajue limetokea. Mbunifu aliyeuweka mstari huo mwisho wa orodha ya namba alijua anachokifanya.

Matoleo ya baadaye yalipunguza minyororo hii. Lile la mwaka 2014 lilizifanya mbinu kuwa za hiari, chache, kubwa, na nyingi kati yake hazidai kitu. Mhusika anajengwa haraka na mgeni haogopi. Ni faida ya kweli, na siwezi kumlaumu anayeipenda. Dada naye huongoza mchezo kwa toleo hilo anapokuwa na wageni. Kwa wanaokaa muda mrefu, hurudi kwenye kitabu chenye seloteipu.

Muda mrefu ni mrefu kweli. Kufika ngazi ya 2 kunahitaji pointi 1,000 za uzoefu; ya 3 ni 3,000; ya 4 ni 6,000; ya 5 ni 10,000; ya 6 ni 15,000. Kitabu kilipimwa ili kundi la wachezaji wanne lipande ngazi baada ya mapambano kama 13 ya saizi yao, kwa hiyo kutoka ya kwanza hadi ya sita ni zaidi ya mapambano 60. Mezani hiyo ni miezi. Katika ngazi ya kwanza kijana alikuwa anasahau Kukwepa, maana lazima umtaje adui uliyemteua, na dada hakumkumbusha. Aliacha zamu ipite bila pointi ile. Baada ya muda kijana akaanza kila zamu kwa kusema, "Namwangalia yule wa kushoto." Kwenye ngazi ya tatu alishazoea kubadilishana ukali na kinga, akitoa moja, mbili, tatu, kulingana na nani yuko mbele yake. Ngazi ya nne alipata Piga Upite na kwa vikao vizima hakusimama mahali pamoja. Alikuwa anahesabu miraba kwenye ramani kwa ncha ya penseli kabla zamu yake haijafika: minne ya kwenda, pigo, miwili ya kurudi.

Siku aliyofika ngazi ya sita, kundi lao lilikuwa ndani ya ghala lenye wagoblini. Dada hakuwa amewapanga kwa ajili yake. Walikuwa wamesimama pale walipostahili kusimama, watano karibu na magunia na wawili mlangoni. Kijana aliitazama ramani. Zamu ya kwanza hakupiga. Alipita kati ya wawili, kwa Kupenya, akala jaribio moja la mkuki lililomkosa kwa pointi mbili, akasimama kwenye mraba ambao kila mtu mezani angeuona kuwa mbaya, maana wagoblini watano walikuwa wanaugusa. Walimshambulia. Alipoteza pointi tisa za uhai. Zamu iliyofuata alisema, "Kimbunga," akatoa dadu yenye pande 20 na kuirusha mara tano, moja kwa kila mmoja, akianza na wa kushoto.

Aliwapata wanne. Watatu walianguka. Dada aliwaondoa kwenye ramani mmoja mmoja, akaandika madhara ya yule wa nne, na mchezo ukaendelea. Baada ya kikao walibaki mezani na karatasi. Katika ngazi ya nane kuna pointi moja ya sifa, na kijana alitaka kuiweka kwenye Wepesi uwe 15. Dada alimwuliza kwa nini, kwa kuwa 15 haiongezi chochote juu ya 14. Kijana alifungua kitabu kwenye sura ya mbinu, akamwonyesha mstari wa masharti wa kupigana kwa silaha mbili, kisha akaonyesha ile namba 1 iliyoandikwa pembeni mwa Wepesi, akasema kwamba kwa vyovyote vile angependa iwe 2.